Tusiziache ngozi zetu kwa maneno tusiyoyaelewa

Mpwa wangu alikuwa amebakisha siku tatu aolewe, huko kwetu Mombasa, aliponijia barazani akiwa na pakiti ndogo mkononi. "Mjomba," akaniambia, "wewe ndiwe mwalimu wa lugha. Hebu nisomee haya." Pakitini mlikuwa na barakoa ya kulainisha uso, yaani kile kitambaa chembamba kilicholoweshwa majimaji ambacho hubandikwa usoni kwa muda wa robo saa hivi. Mbele palikuwa na maandishi ya Kikorea na Kiingereza. Nyuma palikuwa na orodha ya maneno yapatayo ishirini, ambayo hayakuwa ya lugha yoyote isemwayo mtaani.

Nakiri kwamba nilijisikia. Nilianza kumfasiria kama niko darasani. Aqua ni neno la Kilatini, maana yake maji. Glycerin latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya utamu. Kitu chenyewe kiligunduliwa na mwanakemia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi mnamo 1779. Hyaluronate linatoka katika neno la Kigiriki la kioo, kwa sababu Karl Meyer na John Palmer waliipata asidi hiyo mwaka 1934 katika ute wa jicho la ng'ombe, ambao hung'aa kama kioo. Mel ni asali. Parfum ni Kifaransa, nayo ni manukato. "Hapana baya hapa, mwanangu," nikahitimisha. "Ni maji, asali na manukato. Jipake."

Kufikia kesho yake jioni uso wa bibi harusi ulikuwa umewiva na kuvimba, nayo macho hayafunguki vyema. Tulimkimbiza kwa daktari wa ngozi. Daktari aliichukua ile pakiti, akaitazama kidogo, kisha akaweka kidole juu ya neno moja tu: parfum. Akanieleza kwamba neno hilo moja laweza kuficha makumi ya kemikali, na kwamba yamkini mojawapo ndiyo iliyozusha mzio. Waama, nilikuwa nimelitafsiri neno hilo bila ya kulieleza. Harusi ilifanyika, lakini mpwa wangu aliketi ukumbini ameinamisha uso, na dada yangu hajachoka kunikumbusha hadi leo.

Tangu siku hiyo nimejibidiisha kujua kile ambacho ningalipaswa kukijua kabla ya kufungua kinywa. Msomaji mpendwa, nitakugawia kwa ufupi.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ya uso ni jembamba kuliko karatasi ya gazeti. Limejengwa kwa seli zilizokufa, zilizopangwa mithili ya matofali, na kati yake mna mafuta yanayoziunganisha kama udongo uunganishavyo mawe ya ukuta. Ukuta huu ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo na madhara ya nje hayaingii kwa urahisi. Ukipasuka, ngozi hukauka, huwasha na kuchubuka.

Viungo vya barakoa za kulainisha uso hufanya kazi kwa namna tatu. Mosi, kuna vivuta-maji, kama vile glisirini, asidi ya hayaluroniki na asali. Hivi huyanasa maji na kuyashikilia. Lakini hewa ikiwa kavu, huweza kuyavuta maji hayo kutoka ndani ya ngozi yenyewe, yakapotea hewani. Ndiyo sababu kuiacha barakoa usoni hadi ikauke si hekima. Pili, kuna vizuia-maji, kama vile nta, siagi ya shea itokayo kaskazini mwa Uganda, na yale mafuta mazito ya petroli ambayo Robert Chesebrough aliyapatia hataza huko Marekani mnamo 1872 na kuyaita Vaseline. Hivi haviongezi maji. Hufunga mlango tu ili yaliyomo yasitoke. Kwa hiyo hufaa kupakwa ngozi ikiwa bado na unyevu. Tatu, kuna vilainishi, ambavyo huziba nyufa zilizo kati ya yale matofali.

Ni dhahiri basi kwamba barakoa hizi si uongo mtupu. Hata hivyo, faida yake aghalabu hukaa juujuu. Asidi ya hayaluroniki yenye molekuli kubwa haipenyi ndani. Huketi juu ya ngozi, na uso ukaonekana umejaa kwa saa chache.

Pamoja na hivyo vitatu huja vitu ambavyo havikuwekwa kwa manufaa ya ngozi. Vihifadhi huwekwa ili bakteria wasizaliane katika maji yale, na bila hivyo hatari ingezidi. Manukato, kwa upande wake, yamo kwa ajili ya pua ya mnunuzi. Nayo ni miongoni mwa sababu kuu za mzio utokanao na vipodozi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kurudia vya asili. Nami nayaenzi mambo ya bibi zetu, liwa na singo. Lakini neno asilia halina kinga ndani yake. Juisi ya ndimu ni asili, ilhali ukiipaka usoni kisha ukatoka juani, yaweza kukuunguza na kukuachia madoa meusi. Liwa nayo ina harufu, na harufu hiyo ni kemikali. Vivyo hivyo, msisahau yale maneno ya Kiingereza yanayodai kwamba kipodozi hakileti mzio. Hata Marekani kwenyewe hakuna sheria ya taifa inayoyapa maneno hayo maana maalumu.

Hapa ndipo suala linapotoka katika chumba cha bibi harusi na kuingia katika uwanja wa umma. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji na haki ya kulindwa afya yake. Je, haki hizo zimetimizwa pale ambapo msomi wa isimu na mpwa wake wanaitazama pakiti moja, na wote wawili wasijue kilichomo?

Sisemi majina ya kemikali yatafsiriwe. Kosa langu lilikuwa lilo hilo. Jina moja linalotumika duniani kote humwezesha mgonjwa na daktari kukitambua kitu popote kilipo. Ninachotaka ni mambo mawili. Kwanza, manukato yanayojulikana kuleta mzio yatajwe moja moja. Umoja wa Ulaya ulianza na vitu 26, na mwaka 2023 ukaipanua orodha hiyo hadi zaidi ya 80. Pili, kando ya orodha paandikwe kwa Kiswahili kazi ya viungo vikuu pamoja na onyo: kijaribu kwanza ndani ya mkono, na ungoje siku mbili kabla ya kupaka usoni. Istilahi hazitatushinda. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Kazi ilishaanza, iliyobaki ni nia ya serikali na ya wenye biashara.

Majuma kadhaa baada ya harusi, mpwa wangu alibandikwa vipimo mgongoni. Ilidhihirika kwamba adui yake ni cinnamal, kemikali inayoupa mdalasini harufu yake. Sasa huibeba karatasi yenye jina hilo kibetini, na hununua tu bidhaa ambazo zimeorodhesha manukato yake waziwazi. Hanijii tena na pakiti. Akija, huja kunionyesha jina, si kuniuliza maana yake.