Jicho Kwanza, Kamera Baadaye

Wenzangu wengi hupenda kutazama picha nzuri, lakini waulizwapo kwa nini hawajifunzi kuzipiga, jibu lao ni moja tu: "Sina kamera." Tena hapa bwenini simu haziruhusiwi, basi mwenye hamu huona kwamba hana budi kungoja mpaka amalize masomo na kupata fedha. Nataka kueleza kwamba kungoja huko hakuna faida. Kazi kubwa ya mpiga picha ni kutazama na kuchagua, na kazi hiyo yaweza kuanzwa leo bila senti moja.

Hebu tumwangalie Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Alipokuwa mtoto wa shule alipata kamera kuukuu aina ya Box Brownie. Kamera za Brownie zilianza kuuzwa na kampuni ya Kodak ya Marekani mwaka 1900, na ya kwanza iliuzwa dola 1. Zilikuwa visanduku vyenye lenzi moja, wala hazikuweza kuvuta cho chote cha mbali kikaonekana karibu. Zile zilizotumia filamu ya namba 120 zilitoa picha 8 tu, kila moja ya sentimita 6 kwa 9, kisha sharti ununue filamu nyingine. Mwenye kamera kama hiyo hakubonyeza ovyo, alitazama kwanza. Mwaka 1963 Amin alianzisha Camerapix, kampuni yake ya picha, hapo hapo Dar es Salaam. Mwaka 1984 picha alizopiga za njaa ya Ethiopia zilionyeshwa katika televisheni ulimwenguni kote, na watu wa nchi nyingi wakachanga msaada. Sisemi kwamba kisanduku kile ndicho kilichompa ustadi. Nasema uduni wa chombo haukumzuia kuanza.

Sasa nitaeleza mazoezi manne.

La kwanza ni kuchagua. Chukua kipande cha boksi, ukate tundu la sentimita 6 kwa 9. Fumba jicho moja, na tundu hilo ulishike mbele ya jicho la pili. Ukilisogeza karibu na jicho utaona mambo mengi. Ukinyoosha mkono utaona machache. Pita nalo uwanjani, jikoni na bombani, na kila mara jiulize: niache nini nje? Picha nyingi huharibika kwa sababu mpigaji alitaka kuingiza kila kitu, na mtazamaji hajui atazame wapi.

La pili ni kujua mwanga. Mkoa wetu wa Singida upo karibu nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita karibu kabisa na utosi, na hata katika miezi mingine huwa juu sana. Kivuli cha paji la uso huanguka machoni, na macho huonekana kama mashimo. Lakini katika saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, na ya mwisho kabla halijatua, mwanga huja kwa ubavu. Hupita katika hewa nyingi zaidi, rangi ya buluu hutawanyika njiani, na manjano na nyekundu ndizo zinazotufikia. Wakati huo tazameni ile miamba mikubwa kando ya ziwa Singidani: kila ufa na kila mkwaruzo hutokeza. Wakati wa usafi wa asubuhi sisi sote tupo nje, basi hatuna udhuru.

La tatu ni kurudia kitu kimoja. Likizo ikifika, na mzazi akikubali kukuazima simu yake, jiwekee sharti la picha 8 kama la filamu ile ya zamani, zote za kitu kimoja. Chukua mfano wa shamba la alizeti. Piga ukiwa mbali, piga ukiwa karibu, piga ukiwa umechuchumaa, piga asubuhi, piga jioni. Hapo utagundua jambo: alizeti iliyokomaa huelekeza uso mashariki, haigeuki tena kulifuata jua. Basi aendaye asubuhi hupata nyuso zenye mwanga, na aendaye jioni jua huangaza migongo ya maua. Picha mbili tatu za kwanza hufanana na za watu wote. Ile ya sita au ya saba ndipo akili hulazimika kutafuta njia yake yenyewe, na huko ndiko ubunifu huanzia.

La nne ni adabu. Usimpige mtu picha bila ruhusa. Msalimu, mweleze haja yako, na akikataa, mshukuru uende zako. Aliyekubali kwa moyo hukaa kwa raha, nayo raha hiyo huonekana katika picha.

Je, haya yote ni ya nini? Nyumbani kwetu imebaki picha moja tu ya marehemu babu, nayo ni ya kitambulisho: uso umeelekea mbele, na nyuma pana kitambaa cheupe. Yatuonyesha sura yake. Haituonyeshi mikono yake iliyopura uwele miaka mingi, wala kigoda chake, wala ile nyumba ya tembe yenye paa la udongo aliyoijenga mwenyewe. Tembe ile ilibomolewa tukajenga ya bati, na wadogo zangu hawaijui. Kule Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na kwa picha zake watu wa leo huona jinsi wazee wao walivyovaa na mitaa yao ilivyokuwa. Katika vijiji vyetu vingi hakukuwa na duka la namna hiyo. Wa kufanya kazi hiyo ni sisi.

Nanyi wazazi wetu, mtoto akiomba simu kwa nusu saa ili ampige bibi picha akiwa anapepeta nafaka, msidhani ni mchezo. Mpeni, naye airudishe kwa wakati.

Wenzangu, maboksi matupu yapo nyuma ya stoo ya bwalo. Mwombeni mwalimu wa zamu ruhusa, mkate matundu yenu leo, ili likizo iwakute mko tayari.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne