Kuku, Nyama na Adesi: Ushauri wa Mlo katika Nyumba za Wahindi wa Unguja

Mgonjwa mwenye upungufu wa damu anapoondoka kliniki, mara nyingi huagizwa ale maini, nyama na kuku. Kitabibu agizo hilo halina kosa, lakini zipo nyumba katika Mji Mkongwe wa Zanzibar ambamo haliwezi kutekelezwa hata siku moja. Mgonjwa huitikia kwa heshima, hurudi nyumbani, na baada ya miezi mitatu damu yake iko pale pale. Tatizo huwa limeanzia kwenye swali ambalo halikuulizwa.

Wahindi si jamii moja

Wafanyabiashara kutoka Kutch na Gujarat waliongezeka Unguja katika karne ya 19, hasa baada ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Zanzibar. Wengi waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini familia zilizobaki bado zinatunza mapishi na miiko ya wazee wao.

Makhoja, wawe Maismailia au Maithnaasheri, pamoja na Mabohora, ni Waislamu. Hula nyama na kuku waliochinjwa kwa sharia, wala hawali nguruwe. Wahindu, ambao wenyeji wamezoea kuwaita Mabaniani, hawali ng'ombe. Wengi wao hawali nyama ya aina yoyote, na baadhi hawagusi hata mayai; wengine hula kuku, mbuzi au samaki, ila hujizuia katika siku maalumu za ibada. Wagoa, ambao ni Wakatoliki, hawana mwiko wa kuku wala ng'ombe, ingawa huacha nyama siku za Ijumaa katika Kwaresima.

Kwa hiyo jina la "Mhindi" kwenye jalada la mgonjwa halimwambii mhudumu wa afya lolote kuhusu sahani yake.

Swali lenye mtego

Hata mhudumu anapouliza, lugha yenyewe inaweza kumpotosha. Katika Kiswahili cha kila siku, "nyama" ikitajwa peke yake mara nyingi hueleweka kuwa ni ya ng'ombe au mbuzi. Anayejibu kuwa hali nyama huenda anakula kuku na samaki kila wiki. Neno "mboga" nalo lina mtego wake: kwa wasemaji wengi, hasa wa Bara, mboga ni kitoweo chochote cha kulia wali au ugali, nyama ikiwamo. Mgonjwa akisema "mimi hula mboga tu", mhudumu aliyezoea maana hiyo pana anaweza asitambue kwamba ameambiwa jambo zito.

Njia salama ni kuuliza kitu kimoja kimoja: ng'ombe, mbuzi, kuku, samaki, mayai, maziwa. Kila kimoja kiulizwe kama huliwa, na mara ngapi kwa wiki.

Kuku jikoni

Kwa familia zinazokula kuku, hatari ya kwanza ni vijidudu. Kuku mbichi anaweza kubeba Salmonela na Kampilobakta, ambavyo huleta kuharisha, homa na maumivu ya tumbo. Kumwosha kuku chini ya bomba hakuviondoi; matone ya maji huvirusha kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo karibu. Ndimu, thomu, tangawizi na manjano anavyorowekwa kuku wa biriani huleta ladha, lakini haviwi badala ya moto. Kinachoua vijidudu ni joto la angalau nyuzi 70 za Selsiasi lililofika hadi ndani, karibu na mfupa; maji yanayotoka yawe meupe, yasiwe na rangi ya damu. Kuku wa barafu ayeyushwe ndani ya friji, na kurowekwa humo pia, si mezani.

Biriani na pilau ya shughuli isikae nje zaidi ya saa mbili katika joto la Unguja. Inayobaki igawanywe katika vyombo vidogo ili ipoe haraka, iwekwe kwenye friji, kisha ipashwe moto mpaka itoe mvuke.

Hatari ya pili huja polepole. Watu wenye asili ya Asia Kusini hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko watu wa jamii nyingine nyingi. Kupika kuku bila ngozi, kupunguza samli, na kukaanga vitunguu vya biriani kwa mafuta kidogo ni hatua zisizovunja mila ya nyumba yoyote.

Damu bila nyama

Kwa asiyekula nyama, chuma hakikosekani jikoni. Gramu 100 za adesi zilizopikwa zina takriban miligramu 3 za chuma, ilhali nyama ya kuku ya uzito huo ina takriban miligramu 1. Tofauti ni kwamba mwili hufyonza chuma cha mimea kwa shida zaidi. Vitamini C husaidia, hivyo adesi, choroko, mbaazi na mchicha viliwe pamoja na ndimu, pilipili mboga, embe au chungwa. Chai hupunguza ufyonzwaji huo; inafaa isubiri walau saa moja baada ya mlo. Mjamzito aendelee na vidonge vya chuma na asidi ya foliki hata kama mlo wake ni mzuri.

Vitamini B12 ni jambo jingine. Haipatikani katika adesi wala mchicha. Hutoka kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na glasi moja ya maziwa hutoa takriban nusu yake. Mhindu anayekunywa maziwa na kula mtindi kila siku ana kinga fulani. Anayeviacha kwa sababu ya bei, umri au tumbo anaweza kupungukiwa bila kujua, kwani akiba ya ini huchukua miaka kwisha.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Metfomini, dawa ya kisukari inayotumiwa sana, ikitumika kwa muda mrefu hupunguza B12 mwilini. Mgonjwa wa kisukari asiyekula nyama anapolalamika ganzi na miguu kuwaka moto, ni rahisi kusema ni kisukari tu. Huenda ni upungufu wa B12, ambao hutibika, lakini ukicheleweshwa huweza kuacha madhara ya kudumu kwenye mishipa ya fahamu. Kumpa asidi ya foliki peke yake kunaweza kuirekebisha damu huku mishipa ikiendelea kuharibika.

Kwa mhudumu na mgonjwa

Mhudumu aandike mlo wa mgonjwa kwenye jalada, apime B12 kwa anayetumia metfomini na hali nyama, na akumbuke kwamba kapsuli nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya ng'ombe au nguruwe. Mgonjwa anayelijua hilo anaweza kuziacha kimyakimya. Mgonjwa naye asiitikie tu agizo asiloweza kulifuata. Kusema "hiki hatuli nyumbani kwetu" si utovu wa adabu. Ni taarifa ya kitabibu, na daktari anaihitaji kama anavyohitaji kipimo cha damu.