Gari Linalochemsha Kwenye Foleni

Gari likinasa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro jioni, mshale wa joto unaanza kupanda taratibu. Dereva anazima AC, anashusha vioo, anaomba Mungu. Njia ikifunguka na mwendo ukafika kilomita 60 kwa saa, mshale unarudi mahali pake, naye anasahau. Siku moja mvuke unatoka chini ya boneti, na wa kwanza kufika anatoa hukumu: gasketi ya silinda hedi imeungua.

Huenda imeungua kweli. Lakini mshale ulikuwa umeshasema ugonjwa ulikoanzia.

Katika injini ya petroli, takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta ndiyo inayosukuma gari. Kilichobaki ni joto: sehemu yake inatoka kwenye ekzosi pamoja na moshi, na sehemu nyingine kubwa inabebwa na maji hadi kwenye rejeta. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo unaopita mbele unatosha kuipoza rejeta hiyo. Likisimama upepo haupo, na hapo ndipo feni inapohitajika. Ndiyo maana gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa barabara kuu huwa na tatizo la feni. Linalochemsha likipanda Mlima Kitonga lina sababu nyingine: rejeta iliyoziba, themostati iliyogoma kufunguka, pampu ya maji iliyochoka, au hiyo gasketi.

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Washa injini, washa AC, kisha sikiliza. Katika magari mengi yenye feni ya umeme, AC ikiwaka feni nayo huanza kuzunguka. Ikizunguka hapo lakini ikakaa kimya injini inapopata moto bila AC, basi mota yake ni nzima, na wa kushukiwa ni sensa ya joto au waya zake. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, ukichomoa plagi ya swichi ya joto iliyo kwenye rejeta na swichi ya injini ikiwa imewashwa, feni inatakiwa iwake yenyewe. Ikiwaka, swichi ndiyo ya kubadilisha.

Isipozunguka kabisa, angalia fyuzi, halafu rilei. Mara nyingi rilei ya honi ni ya aina ileile, kwa hiyo mafundi hubadilishana hizo mbili kwa muda na kupata jibu papo hapo. Mwisho, mota yenyewe hupewa umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri. Ikigoma hata hapo, imekufa. Wakati wote huo mikono na nguo zikae mbali na mapanga yake, kwani baadhi ya feni huwaka ghafla hata injini ikiwa imezimwa.

Kuna kosa moja linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Mota ya mtumba ikifungwa na waya zake mbili zikapishana, feni huzunguka vizuri tu, ila kinyume, ikisukuma hewa kuelekea mbele. Weka karatasi mbele ya rejeta: inatakiwa ivutwe na kunata.

Hilux na Land Cruiser nyingi zina feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni. Hiyo hupimwa kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Ikisukumwa inatakiwa iwe nzito kidogo. Ikizunguka raundi kadhaa bila kizuizi, mafuta yamevuja na klachi imekwisha.

Dawa inayopendwa gereji ni kuunga feni moja kwa moja na swichi ya injini na kung'oa themostati. Kuunga feni kunaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini kukiachwa hivyo ni hatari. Mota ya feni huvuta zaidi ya ampea 10. Waya mwembamba usio na fyuzi hupata moto na unaweza kuliunguza gari. Injini isiyo na themostati nayo huchelewa kufikia nyuzi joto 90 inazohitaji, hivyo hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Na chanzo cha kuchemsha kinabaki palepale.

Dereva asiutegemee mshale peke yake. Maji yakiisha, sensa hubaki kwenye hewa, na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua.

Mfuniko wa rejeta nao unastahili heshima. Nairobi, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini ndani ya rejeta mgandamizo huyazuia mpaka karibu na nyuzi 120. Ukiufungua yakiwa ya moto, mgandamizo unaondoka na maji yanalipuka kuwa mvuke usoni. Zima injini, subiri hadi bomba la juu la rejeta lishikike kwa mkono bila kuunguza, ndipo uufungue.