Mtekenye, Kisha Ungoje

Mtoto amelala chali mkekani. Vidole viwili vya mama vinatambaa mkononi mwake, kuanzia kiganjani, vinapita kiwiko hadi kwapani, na hapo mtoto anaangua kicheko. Mara ya pili anaanza kucheka kabla vidole havijafika. Mara ya tatu mama anavisimamisha hewani, kimya, anangoja. Mtoto anavitazama vidole, kisha anainua macho usoni kwa mama.

Jicho hilo la mara moja ndilo linalotafutwa. Sally Rogers na Geraldine Dawson wa Marekani, waliobuni tiba ya mtindo wa Denver kwa watoto wadogo wenye usonji, wanaupa mchezo wa namna hii nafasi kubwa. Mtu mzima anaanzisha jambo linalomfurahisha mtoto, analikatiza, anasubiri mtoto aombe liendelee. Akiomba kwa jicho, mkono au mguno, ajibiwe palepale.

Wapo wanaodhani watoto hawa hawacheki. Si kweli kabisa. Mwaka 2002 Vasudevi Reddy na wenzake, nchini Uingereza, waliwalinganisha na watoto wenye sindromu ya Down, wakakuta wingi wa kucheka haukuachana sana. Wenye usonji walipungukiwa kwingine: kicheko cha mwenzao hakikuwavuta sana, wala hawakufanya vituko makusudi ili watu wacheke tena.

William Hudenko na wenzake wakasikiliza sauti yenyewe, mwaka 2009. Watoto wasio na usonji walicheka kwa sauti ya koo na pia kwa pumzi tu, kile kicheko cha puani ambacho mara nyingi tunamwitikia nacho mtu hata asipotuchekesha. Vicheko vya wenye usonji karibu vyote vilikuwa vya koo. Kwa maelezo ya watafiti hao, mtoto huyu hucheka akiwa amefurahi kwelikweli. Kwangu mimi hiyo ni tunu kwa mzazi, maana akicheka huna haja ya kubahatisha anapenda nini.

Ila asiyependa kuguswa usimtekenye. Baadhi yao mguso huwaudhi. Huyo huenda anacheka leso ikipeperushwa juu ya kichwa chake, au maji yakimiminwa toka kikombe hadi kikombe. Keti chini mbele yake, macho yenu yalingane, ukifanye hicho hicho, ucheke naye. Akiziba masikio, acha. Akirudi akakuwekea leso mkononi, amekuita.