Vallée Blanche: Safari ya Mbao Mbili Juu ya Mto wa Barafu

Mtu aliyezaliwa pwani, ambaye baridi kuu aijuayo ni ile ya kipupwe, huenda akadhani kwamba theluji ni kitu kimoja tu, cheupe na baridi, na kwamba kuteleza juu yake ni upuuzi wa matajiri. Walakini katika milima ya Alps, upande wa Ufaransa karibu na mpaka wa Italia, iko njia iitwayo Vallée Blanche, maana yake Bonde Jeupe, ambayo humfunza apitaye kwamba theluji ina elimu yake kama bahari ilivyo na elimu yake, na asiye na elimu hiyo hana budi kumfuata aliye nayo.

Mji wa njia hiyo ni Chamonix, uliojengwa bondeni chini ya mlima Mont Blanc, kiasi cha mita 1,035 juu ya usawa wa bahari. Zamani wenyeji wake waliishi hasa kwa mifugo na mashamba; kisha mwaka 1786 Jacques Balmat, mtafuta fuwele, na Michel-Gabriel Paccard, tabibu, wakafika kileleni mwa Mont Blanc kwa mara ya kwanza. Tangu hapo wageni hawakukatika, na mwaka 1821 viongozi wa milimani wakaunda chama chao, ambacho kingali hai hata leo. Mwaka 1924 mji ukapata sharafu ya kuandaa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi, na mwaka 1955 likaanza gari la waya liendalo hadi Aiguille du Midi, penye mita 3,842.

Ili msomaji akikadirie kimo hicho, na akumbuke kituo cha Horombo, ambapo wapandao Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa pili: pana mita 3,720, nao hufika hapo kwa miguu baada ya siku mbili, ilhali gari la waya humpandisha mtu juu kuliko Horombo kwa muda wa dakika 20 hivi. Mwili haujapata nafasi ya kuizoea hewa nyepesi, na aghalabu mgeni husikia kizunguzungu na pumzi kumpaa kabla hajafanya kazi yoyote. Naye hatelezi papo hapo. Atokapo katika pango lililochongwa ndani ya barafu, hukuta ukingo mwembamba wa theluji, huku genge likishuka kuelekea Chamonix, na huku likishuka kuelekea uwanda mweupe. Hapo huteremka hatua kwa hatua, amefungwa kamba moja na wenziwe, meno ya chuma chini ya viatu, mbao za ski, yaani za kutelezea juu ya theluji, mgongoni, na mkono mmoja umeshikilia kamba iliyofungwa kwenye vigingi.

Chini ya ukingo huo ndipo mbao zivaliwapo, na mbele yake pana masafa ya kilomita 20 hivi, ikiwa theluji inatosha kumfikisha mtu hadi mjini. Mwinamo wenyewe, kwa sehemu kubwa, hauwatishi waliokwisha kuujua mchezo huu vizuri. Hatari iko penginepo. Katika njia za kawaida za ski, mashine huitandaza theluji usiku, vigingi huonyesha mipaka, na walinzi hupita; katika Bonde Jeupe hamna hata kimoja cha hivyo, kwa kuwa ardhi ikanyagwayo si ardhi. Ni theluji ya miaka mingi iliyoshindiliwa na uzito wake yenyewe mpaka ikawa barafu, nayo hutiririka polepole kufuata bonde, na kila ipitapo juu ya mwamba wenye mteremko mkali hunyooshwa ikapasuka. Nyufa hizo huweza kwenda chini makumi ya mita, na theluji mpya huzifunika kwa daraja jembamba ambalo, kwa jicho la mgeni, halina tofauti na uwanda. Kama nahodha asivyoingiza chombo penye miamba ya bahari asipokuwa na rubani, ndivyo mwenye busara asivyoshuka hapa bila kiongozi, wala bila kamba, mkanda wa kiunoni, na kile chombo kidogo kitoacho ishara, ili afukiwaye na poromoko la theluji apate kutafutwa.

Katikati ya safari barafu hufika penye magenge ya Géant, ikakatika mapande makubwa mithili ya nyumba, rangi ya samawati ndani ya nyufa zake. Wakati wa kiangazi, theluji ya juu ikiisha, atazamaye kutoka mlimani huona chini ya magenge hayo mistari iliyopinda kama pinde, mmoja wa giza na mmoja wa nuru, ambayo mtaalamu wa Uskoti, James Forbes, aliichunguza katika karne ya 19: kila jozi ni mwendo wa mwaka mmoja, almuradi mto huo wa barafu hujiandikia tarehe yake wenyewe.

Hatimaye bonde hufunguka kwenye Mer de Glace, yaani Bahari ya Barafu, na aghalabu safari huishia chini ya Montenvers, kituo cha reli iliyofika huko mwaka 1909. Zamani, barafu ilipokuwa nene, mtu aliikaribia pasipo taabu. Lakini kwa kuwa hali ya hewa imezidi kuwa joto, barafu imeshuka chini mwaka hata mwaka, na kwenye mwamba wamebandika vibao vyenye miaka, vya kuonyesha uso wake ulikuwa wapi zamani. Vibanda vya waya vilivyojengwa mwaka 1988 viliwafikisha watu karibu kabisa na barafu. Baadaye ikabidi ziongezwe ngazi, chache kwanza, kisha zaidi ya 500, ambazo wachovu wa safari walizipanda wakitweta na mbao begani, mpaka mwaka 2024 vikafunguliwa vibanda vipya juu zaidi bondeni. Nasi ambao theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inapungua mbele ya macho yetu hatuhitaji mkalimani wa jambo hilo.

Basi msomaji atakayejaliwa kufika Chamonix, na amtafute kiongozi kwanza ndipo akodi mbao. Na afikapo mwisho wa safari, asiipite mbio ile miaka iliyoandikwa mwambani.