Hela: sarafu ya Mjerumani, jina la ukoo

Simama Maili Moja, Kibaha, au sokoni Kisarawe mihogo inaposhushwa. Kila upande utasikia neno moja: hela. Huko Ujerumani neno hilo ni jina la ukoo, na huandikwa Heller.

Chimbuko lake ni mji wa Hall, siku hizi Schwäbisch Hall, kusini mwa Ujerumani. Katika karne ya 13 mji huo ulikuwa ukitengeneza sarafu ndogo ya fedha, upande mmoja mkono, upande wa pili msalaba. Watu wakaiita Häller, yaani ya Hall. Na mkazi wa Hall aliyehamia kwingine naye akaitwa hivyohivyo. Wengine walipewa jina kwa sababu ya sarafu yenyewe. Miongoni mwa Wayahudi, wengine walilipata kutokana na neno hell, yaani angavu, kwa nywele zao za rangi ya kung'aa. Jina likavuka bahari: mwandishi Joseph Heller alizaliwa New York mwaka 1923.

Kwa hiyo Heller wawili wanaokutana si lazima wawe ndugu. Wazaramo wa Kisarawe wanalijua jambo hili vizuri. Pazi kilikuwa cheo cha utawala kabla hakijawa jina la watu, na si kila Pazi ana undugu na kila Pazi.

Kwetu heller ilifika mwaka 1904, Mjerumani alipokuwa akitutawala. Kabla yake rupia moja ya Mjerumani ilikuwa pesa 64. Sasa ikawa heller 100. Kodi ya nyumba vijijini ilikuwa rupia 3, yaani heller 300, na mkulima wa Kisarawe ilimpasa azipate kwa kuuza mazao au nguvu zake. Mwaka 1905 reli ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam, ikapita Pugu, Soga na Ruvu, na kibarua wake alilipwa kwa fedha hizohizo. Kuanzia 1908 sarafu za heller 10 zilikuwa na tundu katikati, zikaweza kutungwa kwenye uzi.

Linalonifurahisha zaidi ni sikio la wazee wetu. Mjerumani huandika Heller, lakini -er ya mwisho huitamka karibu na a. Wazee hawakulipotosha neno, walilichukua kama walivyolisikia, wakaliweka katika ngeli moja na pesa na rupia: hela hii, hela hizi. Rupia nayo iliingia katika majina ya watu. John Rupia alikuwa makamu wa rais wa chama cha TANU.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Mwingereza alileta shilingi, na sarafu za Mjerumani zikaondolewa. Neno lilibaki, likakua. Lilikuwa jina la sehemu moja ya mia ya rupia, leo shamba la Kisarawe linauzwa kwa mamilioni, na mwenye shamba anaulizwa, "Hela umeshapokea?"