Nyambizi za mitumba zilizoitoa jasho Kanada

UKIFIKA Gikomba asubuhi na mapema utawakuta akina mama wakigeuza koti ndani nje, wakivuta mshono, wakikagua kwapa na kola kabla ya kutoa pesa. Wanajua nguo ya mitumba huficha kasoro yake mahali usipotupa jicho. Lau serikali ya Kanada ingekuwa na mshauri mmoja kutoka Gikomba mwaka 1998, huenda ingejiepushia mengi.

Mwaka huo nchi hiyo tajiri ilikubali kununua nyambizi nne kuukuu kutoka Uingereza kwa dola milioni 750 za Kanada. Nyambizi, kwa msomaji mdogo anayesoma ukurasa huu na wazazi wake, ni manowari inayoweza kuzama kwa hiari yake, ikatembea chini ya maji na kuibuka itakapo. Sisi Kenya hatuna hata moja. Wanamaji wetu wa Mtongwe hufanya doria yao juu ya maji.

Kanada inapakana na bahari tatu: Atlantiki, Pasifiki na Aktiki. Ukihesabu na visiwa, pwani yake inapita kilomita 200,000. Tangu miaka ya 1960 ilikuwa na nyambizi tatu tu za aina ya Oberon: Ojibwa, Onondaga na Okanagan. Katika miaka ya 1980 ulienea mzaha kwamba jengo moja la maduka mjini Edmonton, maili nyingi kutoka baharini, lilikuwa na nyambizi nne za kuwabembeleza watalii bwawani, yaani moja zaidi ya jeshi la wanamaji.

Mwaka 1987 serikali ilitangaza kwamba ingenunua nyambizi 10 hadi 12 zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Gharama ilitisha, na mpango ukafutwa mwaka 1989. Zile tatu zikaendelea kuzeeka.

Hapo ndipo Uingereza ilipotokea na bidhaa. Ilikuwa imeunda nyambizi nne za dizeli, Upholder, Unseen, Ursula na Unicorn, zilizoanza kazi kati ya 1990 na 1993. Vita Baridi vilipokwisha, Waingereza waliamua kubaki na zile za nyuklia peke yake. Nne hizo, ambazo hazikuwa zimefikisha hata miaka mitano, ziliwekwa bandarini Barrow zikingoja mnunuzi. Kwa macho ilikuwa kama gari la Japani lililotembea kilomita chache. Nani asingelitaka?

Lakini chombo cha baharini kisichotumika huoza. Nyambizi hizo zilikaa bila kazi kwa miaka, na kila moja ilipokabidhiwa kulikuwa na kasoro za kurekebisha. Kubwa zaidi ni kwamba duniani kote hazikuwapo nyingine za aina hiyo ila hizo nne. Kazi ya kuziunda ilikuwa imefungwa, na waliotengeneza vipuri vyake wakageukia shughuli nyingine. Mafundi wa Kanada walifika mahali pa kung'oa kipuri katika nyambizi moja ili nyingine itembee, jambo ambalo mwenye matatu anaweza kulieleza vizuri kuliko mimi.

Kisha ukaja mkosi wenyewe. Upholder, iliyobadilishwa jina ikaitwa Chicoutimi, ilikabidhiwa huko Faslane, Scotland, tarehe 2 Oktoba 2004. Siku mbili baadaye iling'oa nanga kuelekea Halifax. Tarehe 5 Oktoba, ikiwa kaskazini magharibi mwa Ireland katika bahari iliyochafuka, mabaharia walikuwa wakirekebisha hitilafu kwenye mnara, vifuniko vya juu na chini vyote vikiwa wazi. Wimbi likaingia. Maji ya chumvi yakafikia nyaya nzito za umeme ambazo hazikuwa zimekingwa vya kutosha, moto ukalipuka na moshi ukajaa vyumba.

Mabaharia tisa waliathiriwa na moshi. Mmoja wao, afisa mwenye cheo cha luteni, alifariki siku iliyofuata akikimbizwa kwa helikopta hospitalini Sligo, Ireland. Aliacha mjane na watoto wawili wadogo. Chicoutimi yenyewe ilivushwa Atlantiki ikiwa imebebwa na meli ya mizigo, na haikurudi kazini hadi mwaka 2015.

Mikosi haikuishia hapo. Juni 2011 Corner Brook, ambayo zamani ndiyo Ursula, iligonga sakafu ya bahari karibu na kisiwa cha Vancouver wakati wa mafunzo. Haikurudishwa majini hadi 2021. Na katika mwaka mzima wa 2019 hakuna hata nyambizi moja kati ya hizo nne iliyokwenda baharini. Zote zilikuwa zikitengenezwa.

Haki itendeke, lakini. Zinapofanya kazi, zinafanya. Mwaka 2012 Victoria ilizamisha kwa topido meli kuukuu iliyotolewa shabaha katika mazoezi karibu na Hawaii. Wanaojua mambo hayo husema nyambizi ya dizeli ikizima injini na kutumia betri ni kimya kuliko hata ile ya nyuklia.

Hata hivyo betri huisha. Injini ya dizeli yahitaji hewa, kwa hiyo nyambizi hulazimika kupanda karibu na uso wa maji, kutoa bomba la kuvutia hewa na kuchaji. Katika Atlantiki hilo si neno. Chini ya barafu ya Aktiki, utalitolea wapi bomba? Ndiyo maana Kanada sasa inataka nyambizi zenye mitambo isiyotegemea hewa ya nje, inayotumia haidrojeni kuzalisha umeme.

Julai 2024 serikali ilitangaza kwamba ingetafuta hadi nyambizi 12 mpya zisizo za nyuklia, ya kwanza ifike kabla ya 2035 kupita. Agosti 2025 ikabakisha kampuni mbili kwenye orodha: TKMS ya Ujerumani na Hanwha Ocean ya Korea Kusini.

Je, kwa nini mtu asikae na zile za zamani akazipaka rangi? Chuma nacho huchoka. Kila mita 10 unazoshuka huongeza mgandamizo unaolingana na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, hivi kwamba kwenye mita 200 mwili wa nyambizi hubanwa mara 21 ya kawaida. Hushuka ukabanwa, hupanda ukaachiliwa, maelfu ya mara.

Watu nao ni shida. Nyambizi moja ya Kanada yahitaji mabaharia wapatao 48, na baharia wa chini ya maji hafundishwi ubaoni. Chombo kikikaa chelezoni miaka mingi, vijana hawana pa kujifunzia, na wazee wenye ujuzi wanastaafu. Zikija 12 bila watu, zitaendeshwa na nani? Hili mimi naliona gumu kuliko fedha.

Kwa sasa zile za Uingereza lazima zisukumwe hadi miaka ya 2030, zitakapokuwa zimepita umri wa miaka 40. Onondaga, mojawapo ya zile tatu za awali, ilistaafu mwaka 2000 baada ya miaka 33. Leo ni jumba la makumbusho karibu na Rimouski, mkoa wa Quebec, ambako familia hulipa kiingilio na hata kulala usiku kucha kwenye vitanda vile vyembamba vya mabaharia.